Kitufe Kimejificha Wapi?

Tarehe 9 Juni 2025, kampuni ya Apple ilitangaza sura mpya ya simu, kompyuta, saa na televisheni zake zote kwa mpigo. Sura hiyo inaitwa Liquid Glass. Vitufe na menyu vimegeuzwa vipande vya kioo: kilicho nyuma kinaonekana, mwanga unapinda kwenye kingo, na ukitembeza ukurasa, rangi zake zinapita chini ya kitufe na kukibadilisha sura. Waliopakua toleo la majaribio siku hiyohiyo wakaanza kupiga picha skrini zao. Zilizosambaa sana zilikuwa za ile paneli unayoivuta kutoka juu ili kuwasha Wi-Fi au kupunguza mwanga. Vitufe vyake vilikuwa vya kioo, na aikoni za ukurasa wa nyuma zilipenya katikati yake, jicho lisijue kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Katika wiki zilizofuata Apple iliongeza ukungu kwenye kioo hicho, kisha ikaupunguza. Toleo kamili likatoka tarehe 15 Septemba. Mapema Novemba toleo la 26.1 likaja na chaguo jipya katika mipangilio: mwenye simu achague kioo angavu au kioo kilichokolezwa ili maandishi yasomeke. Kwa kampuni iliyozoea kumwamulia mteja kila kitu, kuongeza swichi ya kupunguza kazi yake yenyewe si jambo dogo. Mwezi mmoja baadaye Alan Dye, aliyeongoza usanifu huo, akatangazwa kuwa anahamia Meta.

Msomaji mwenye simu ya kawaida ya Android anaweza kusema haya ni ya wenye fedha. Lakini mitindo ya simu haikai ilikozaliwa. Kinachoamuliwa na Apple huko Cupertino au na Google huko Mountain View leo hufika Kariakoo na River Road baada ya muda mfupi, kwenye simu za bei ya kati na baadaye za bei ya chini, kwa sababu watengenezaji wengine huiga na kwa sababu programu tunazotumia sote husanifiwa na watu wanaofuata mitindo hiyohiyo. Kwa hiyo ubishi huu ni wetu pia, ila unahitaji kupangwa upya, maana umekuwa ukichanganya maswali mawili. La kwanza ni swali la urembo: je, kioo ni kizuri kuliko rangi tupu? La pili ni swali la matumizi: mtu akiitazama skrini, anajua hapa nibonyeze nini na nikibonyeza kitatokea nini? Swali la kwanza halina mwisho, na mtindo wowote utapata mashabiki na wapinzani wake. La pili lina majibu, na baadhi yake yamekwisha kupimwa.

Turudi nyuma kidogo. Hadi miaka ya 1970 mtu aliyetaka kompyuta ifanye jambo ilimbidi akariri amri na kuziandika herufi kwa herufi. Watafiti wa Xerox huko Palo Alto, California, kwenye kompyuta yao ya Alto ya mwaka 1973 na baadaye Star ya mwaka 1981, waliligeuza jambo hilo: badala ya binadamu kukumbuka, mashine ionyeshe. Kwenye Star kulikuwa na picha za kabrasha, za kikapu cha barua, za mashine ya kuchapa. Unaona kitu, unakigusa kwa kipanya, kinafanya kazi. Apple ilichukua wazo hilo ikalipeleka sokoni na Macintosh mwaka 1984, Microsoft ikafuata, na kitufe cha Start kilichozinduliwa na Windows 95 ndicho pengine kielelezo chake kikamilifu. Mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta alikuwa na mahali pamoja pa kuanzia, pameandikwa jina, pembeni chini kushoto, na paliinuka kidogo kama kitu kinachobonyezeka.

Kule kuinuka ndiko kwenye kiini cha mambo. Skrini ni bapa. Kila kitu ndani yake ni rangi tu, na hakuna sababu ya kimaumbile inayofanya eneo moja libonyezeke na jingine lisibonyezeke. Kinachomwambia mtumiaji tofauti ni ishara: kivuli, ukingo, rangi, mstari chini ya neno. Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewahi kufanya kazi Apple, alianza kulichambua suala hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku, akitumia mifano ya milango na majiko. Mlango wenye mpini unakuambia vuta. Wenye bamba bapa unakuambia sukuma. Mlango ukihitaji kibandiko cha maelezo, aliyeubuni ameshindwa.

iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na mpini wa aina hiyo. Ilikuwa simu isiyo na batani za namba, na watu wengi hawakuwahi kugusa kioo kikaitika. Chini ya skrini iliyofungwa palichorwa mfereji wa kijivu. Ndani yake, upande wa kushoto, kimekaa kitufe chenye mshale unaoelekea kulia. Na juu ya maneno ya maelekezo mng'ao ulikuwa ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia bila kukoma. Ishara tatu kwa jambo moja. Hata asiyejua kusoma Kiingereza alitelezesha kidole mara ya kwanza akafaulu.

Kisha ikazidi. Kufikia mwaka 2012 kalenda ya Apple kwenye iPad ilikuwa na ngozi iliyoshonwa uzi na mabaki ya karatasi iliyochanwa, programu ya michezo ilitandikwa kitambaa cha kijani cha meza ya kamari, na vitabu vilikaa kwenye rafu za mbao. Mapambo hayo hayakumwambia mtumiaji lolote. Uzi wa kushonea ngozi haubonyezeki. Tatizo jingine halikuonekana na wengi: michoro hiyo ilikuwa picha zilizochorwa nukta kwa nukta. iPhone 4 ilipotoka mwaka 2010 na skrini ya nukta 640 kwa 960, mara mbili ya ile ya awali kila upande, kila picha ilibidi ichorwe upya. iPad ilikuwa na vipimo vyake, na Android ilikuwa na skrini za kila ukubwa. Eneo lililojazwa rangi moja halina shida hiyo. Unalivuta, unalifinya, halipotezi kitu. Hesabu hizo za karakana zilichangia mapinduzi yaliyofuata, ingawa kwenye majukwaa yalielezwa kwa lugha ya falsafa.

Mwishoni mwa Oktoba 2012 Scott Forstall, aliyesimamia programu za iPhone na mtetezi wa mapambo yale, aliondolewa. Sura ya programu akakabidhiwa Jony Ive, aliyejulikana kwa kubuni mwili wa vifaa. Septemba 2013 ikatoka iOS 7, toleo jipya la mfumo wa iPhone. Ngozi, mbao na kitambaa vikatupwa, na vingi vilistahili. Lakini pamoja na uzi wa kushonea likaondoka umbo la kitufe lenyewe. Kitufe cha kurudi nyuma, ambacho kilikuwa na umbo la mshale, kikawa neno la buluu linaloelea kando ya kimshale chembamba. Ule mfereji wa kufungulia simu ukafutwa, yakabaki maneno.

Ukitaka kuona gharama yake kwa karibu, itazame batani moja tu: ile ya herufi kubwa kwenye kibodi. Kabla ya iOS 7 ilikuwa ikiwaka rangi ya buluu ikiwashwa. Kwenye iOS 7 ilikuwa ama nyeupe au kijivu, na batani za jirani nazo zilikuwa nyeupe na kijivu, kwa hiyo mtumiaji hakuwa na namna ya kujua ipi ni hali ya kuwashwa isipokuwa kwa kuandika herufi na kuona matokeo. Apple ilirekebisha kwenye toleo la 7.1 mwezi Machi 2014, na watu wakaendelea kubabaika. Mwaka 2015, kwenye iOS 9, ndipo suluhisho lilipopatikana: herufi zote za kibodi zikawa zinabadilika zenyewe, ndogo au kubwa, kulingana na kitakachoandikwa. Wataalamu wa kampuni tajiri kuliko nyingi duniani walihitaji miaka miwili kurudisha taarifa iliyokuwepo tangu mwanzo: imewashwa au haijawashwa. Toleo lilelile la 7.1 lilileta pia swichi, imefichwa kwenye mipangilio ya watu wenye ulemavu, ya kurudisha umbo la vitufe. Yaani kuona kitufe kulihamishwa kutoka haki ya kila mtu hadi huduma maalumu.

Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya Nielsen Norman Group, ambayo Norman ni mmoja wa waanzilishi wake, ilipima jambo hili. Walichukua kurasa tisa za tovuti, wakatengeneza nakala mbili za kila moja: moja ambayo vitufe na viungo vinajitambulisha waziwazi, nyingine ambayo ishara zimefifishwa. Watu 71 walipewa kazi za kutafuta vitu humo huku mashine ikifuatilia macho yao. Kwenye kurasa zilizofifishwa walitumia muda zaidi kwa asilimia 22. Hawakutumia muda huo kwa kufurahia usomaji. Macho yao yalikuwa yakizunguka, yakigusa sehemu nyingi zaidi, yakitafuta mahali pa kubonyeza. Waandishi wa utafiti huo walikuwa waangalifu: hawakusema usanifu bapa, usio na vivuli wala kingo, ni mbaya siku zote, walisema ukurasa wenye vitu vichache vilivyopangwa mahali panapotarajiwa hauathiriki sana. Huo uangalifu ni muhimu, kwa sababu watetezi wa mtindo wa zamani hupenda kuutaja utafiti kama vile umewapa ushindi wote.

Microsoft ilikuwa imekwishapata somo lake kwa njia ya aibu zaidi. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, iliondoa kitufe cha Start. Badala yake ulitakiwa kusukuma kipanya hadi kona ya skrini, usubiri menyu ijitokeze. Hata kuzima kompyuta kukawa fumbo: kona, mipangilio, kisha alama ya umeme. Kwenye skrini ya kugusa mpangilio ule ulikuwa na mantiki yake, na ile sura ya vigae vya rangi iliyotoka kwenye Windows Phone ya mwaka 2010 ilikuwa ya kupendeza kweli. Mimi naiona hadi leo kuwa kati ya sura nzuri zaidi zilizowahi kuwekwa kwenye simu. Lakini kompyuta nyingi hazikuwa za kugusa. Mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudi na Windows 8.1, na menyu yenyewe ikarudi kamili na Windows 10 mwaka 2015. Huku kwetu steshenari na ofisi nyingi zilichagua njia fupi: mafundi waliendelea kuweka Windows 7 kwenye mashine mpya hadi muda wake ulipopita.

Sasa kioo. Si kigeni hata kidogo. Apple ilionyesha sura ya Aqua, yenye vitufe mithili ya matone ya maji, Januari 2000. Windows Vista ya mwaka 2007 ilikuja na madirisha ya kioo yaliyohitaji kadi ya picha yenye nguvu, na kompyuta zilizouzwa na kibandiko cha kuwa tayari kwa Vista, lakini zisizoweza kuonyesha kioo hicho, zikazaa kesi mahakamani Marekani. Windows 8 ikakitupa kioo chote. Miaka kumi na mitatu baadaye kinarudi kwa mlango wa mbele. Ukiuliza kwa nini sasa, sababu moja iko wazi: miwani. Apple ilianza kuuza kifaa cha kuvaa usoni, Vision Pro, Februari 2024, na yenyewe inakiri kuwa Liquid Glass imetokana na mfumo wa kifaa hicho. Ndani ya miwani kioo kina maana kamili. Menyu inaelea sebuleni kwako, na lazima uione meza iliyo nyuma yake usije ukajikwaa. Kwenye simu nyuma ya menyu hakuna meza. Kuna ukurasa ambao umeacha kuusoma ili ubonyeze menyu. Kuuonyesha ni kukurudishia kitu ulichokwisha kukiweka pembeni.

Kuna pia suala la kusomeka, ambalo halitegemei ladha ya mtu. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, tangu mwaka 2008 limependekeza kuwa maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1. Msanifu anayeweka maandishi juu ya rangi moja hupima mara moja, akaandika jibu, kazi imekwisha. Anayeweka maandishi juu ya kioo hana cha kupima, kwa sababu nyuma ya kioo leo kuna picha ya harusi yenye nguo nyeupe na kesho kuna picha ya usiku. Mfumo unalazimika kukokotoa wakati wote, ukigeuza maandishi kuwa meusi au meupe kulingana na kinachopita, na ukikosea kwa nusu sekunde herufi zinayeyuka. Hapo bado hatujatoka nje. Saa saba mchana, stendi ya Magufuli au soko la Kongowea, na skrini ya bei ya chini ambayo mwanga wake haufiki mbali, uwiano uliotosha chumbani hautoshi tena. Wanaopitisha sura hizi huzipitisha ndani ya majengo yenye kiyoyozi.

Nadhani hata hivyo kipimo kinachotufaa zaidi hakipatikani kwenye maabara. Sehemu kubwa ya watu wetu hawakujifunza simu kwa kusoma kitabu cha maelekezo wala kwa kubahatisha peke yao. Walielekezwa kwa mdomo. Wakala dirishani, kijana wa nyumbani, mpwa aliyeko Dar anayeongea na shangazi yake aliyeko Songea:

"Shangazi, gusa vile vidoti vitatu, juu, upande wa kulia."

"Sivioni, baba. Hapa juu kuna picha ya mtoto wa Rehema tu."

"Rudi nyuma kwanza."

"Narudije?"

Swali hilo la mwisho lilikuwa na jibu la neno moja zamani. Simu za Android zilikuwa na vitufe vitatu chini ya skrini, kimoja cha kurudi. iPhone ilikuwa na batani ya duara ambayo, ukipotea popote, inakurudisha nyumbani; ikaondolewa kwenye iPhone X mwaka 2017. Android 10, mwaka 2019, ikaleta mtindo wa kutelezesha kidole kutoka ukingoni. Ni mtindo mzuri ukishauzoea, mimi mwenyewe siwezi kurudi kwenye vitufe. Lakini jaribu kuuelekeza kwa simu. Hakuna kitu cha kutaja. "Anzia pembeni kabisa, nje kidogo ya picha, vuta kuingia ndani, usiwe mfupi sana." Google walau waliacha vitufe vitatu ndani ya mipangilio kwa anayevitaka, na nawapa heshima yao kwa hilo.

Linganisha na kitu ambacho hakijawahi kushinda tuzo yoyote ya usanifu: menyu ya namba ya huduma za fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, zaidi ya miezi mitatu kabla ya iPhone kuingia madukani Marekani, na ikavuka mpaka kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kule Kenya ilianza kama menyu iliyokaa ndani ya laini. Huku kwetu ni piga *150*00#, inatokea orodha, 1 ni Tuma Pesa. Herufi za ukurasa mmoja hazizidi 182, ndivyo teknolojia yenyewe ilivyo. Hakuna rangi, hakuna picha. Inafanya kazi kwenye kitochi na kwenye simu ya milioni mbili, bila bando. Na kila kinachowezekana kimeandikwa jina na kupewa namba.

Kwa hiyo inaelekezeka. Pita ofisi za shule, zahanati, ofisi za maji: ukutani kuna karatasi iliyochapwa ikisema piga namba hii, chagua 4, weka namba ya kampuni, weka kumbukumbu namba, weka kiasi. Karatasi imepauka kwa jua na bado inafanya kazi. Jaribu kubandika ukutani karatasi ya kuelekeza jambo hilohilo kwenye programu ya simu janja, uone kama itamaliza mwaka kabla programu haijasasishwa.

Sisemi turudi huko. Menyu ya namba ina kero zake, na aliyewahi kukatiwa katikati ya muamala kwa sababu amechelewa kutafuta miwani anazijua. Haiwezi kukuonyesha miamala yako ya mwezi kwa mpangilio wa maana. Asiyejua kusoma imemfungia nje, ndiyo maana wapo wanaompa wakala simu na namba ya siri vyote viwili, hatari tupu. Programu yenye picha na rangi ingeweza kumsaidia mtu huyo kuliko orodha ya maneno. Ninachosema ni kwamba menyu ile mbaya kwa sura imetimiza masharti mawili ambayo sura nzuri zinayavunja mara kwa mara: hakuna kilichofichwa, na vitu havihamishwi ovyo.

Hilo la pili halizungumzwi vya kutosha. Mtu aliyezoea simu hasomi skrini. Kidole kinakumbuka mahali. Wakala wa siku nyingi hupiga mfululizo wa namba huku akizungumza na mteja mwingine. Mwaka 2024 WhatsApp kwenye Android ilihamisha vichupo vyake kutoka juu ya skrini kwenda chini, na mamilioni ya vidole vikabaki vikigusa hewa. Maelekezo yote yaliyotolewa miaka iliyopita yakawa kama ya mtu aliyekuambia kata kushoto kwenye mwembe, nawe unafika unakuta mwembe umekatwa.

Kwa haki, uamuzi ule ulikuwa na sababu. iPhone ya mwaka 2007 ilikuwa na skrini ya inchi 3.5, za leo zinapita inchi 6, na kidole gumba hakijarefuka. Mtafiti Steven Hoober alichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu barabarani, kwenye mabasi na kwenye mikahawa: karibu nusu ya waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49, walishika kwa mkono mmoja. Kitu kilicho juu kabisa ya simu kubwa hakifikiwi na mtu aliyeshika bomba la daladala kwa mkono wa pili. Kuvishusha vichupo chini kulikuwa sahihi, na maumivu yake yalikuwa ya mara moja. Siwezi kusema hivyo kuhusu lile duara la buluu la Meta AI, msaidizi wa akili mnemba, ambalo programu hiyohiyo iliweka juu ya orodha ya mazungumzo bila kumpa mtumiaji njia ya kuliondoa. Moja lilihamishwa kwa ajili ya kidole cha mtumiaji, jingine liliwekwa kwa ajili ya mipango ya kampuni. Ukiona kitu kimehama kwenye simu yako, hiyo ndiyo tofauti ya kuitafuta kwanza.

Google nayo ilitangaza sura yake mpya Mei 2025, Material 3 Expressive, safari hii ikiwa na rangi kali, maumbo makubwa na vitufe vilivyonona. Kampuni inasema ilifanya tafiti 46 na washiriki zaidi ya 18,000, na kwamba watu waliviona vitu muhimu kwa kasi hadi mara nne ya awali. Takwimu za muuzaji kuhusu bidhaa yake huzipokea kwa mkono mmoja. Lakini mfano waliouonyesha unaeleweka kwa macho: kwenye programu ya barua pepe, kitufe cha kutuma kimekuwa kikubwa, kina rangi yake, kimeshushwa karibu na kibodi. Kabla ya hapo kilikuwa alama ndogo kwenye kona ya juu. Ukikipitisha kwenye kipimo cha mpwa na shangazi, "bonyeza kile kikubwa cha rangi, juu ya herufi," kinafaulu. Sijali kama ni bapa au kimevimba.

Kuhusu alama za picha, nina neno moja. Wasanifu wanapenda picha kuliko maneno kwa sababu picha haihitaji kutafsiriwa katika lugha mia na haijazi nafasi. Hiyo ni faida ya anayetengeneza. Mistari mitatu inayomaanisha menyu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya Xerox Star zaidi ya miaka 40 iliyopita, na hadi leo wapo wasiojua kuwa inabonyezeka. Alama ya kusambaza kitu ni nukta tatu zilizounganishwa kwenye Android, na sanduku lenye mshale unaopanda kwenye iPhone. Aliyejifunza moja hajajifunza nyingine. Picha pamoja na neno chini yake, hata kama neno litajaza nafasi, ni msaada ambao hakuna mtindo uliowahi kuukataza. Ni uvivu tu, na pengine hofu kwamba skrini itaonekana imejaa.

Wakati tunabishana juu ya kioo, kuna sura nyingine inayoingia kimyakimya ambayo haina kitufe wala kivuli. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, kampuni nyingi zinaona mustakabali wa kompyuta kuwa kisanduku kitupu: andika unachotaka, au kiseme. Kwa asiyejua kusoma, kusema ni ukombozi mkubwa kuliko aikoni yoyote, endapo mashine itamsikia Kiswahili chake cha Tanga au cha Bukoba. Kwa wengine wote kisanduku kitupu kinaturudisha pale Xerox ilipotutoa: mashine haionyeshi kitu, binadamu ndiye anayetakiwa kujua cha kuomba. Wabunifu wake wameshaliona hilo. Fungua nyingi ya programu hizo leo, utakuta karibu na kisanduku wamepanga vitufe vichache vya mapendekezo, kila kimoja na maneno yake.